Muhula wa kwanza Uingereza unaisha Desemba: kurudi nyumbani, kubaki, au kungoja Pasaka?

Mwanaratiba

Wakuu, kila Oktoba swali ni lile lile, basi tulimalize kwenye uzi mmoja. Mwanafunzi ameingia Uingereza Septemba kwa viza ya mwanafunzi, nyumbani ni Tanzania, Kenya au kwa majirani. Likizo ya kwanza inaanza katikati ya Desemba. Arudi, abaki, au asubiri Pasaka?

Wengi wanaanza na bei ya tiketi. Hapo ndipo wanapokosea. Anza na karatasi mbili: kalenda ya mitihani ya kozi yako na mkataba wa chumba.

Kalenda kwanza. Vyuo vingi vya England, kama Manchester na Leeds, mitihani ya muhula wa kwanza huwekwa Januari, baada ya likizo. Edinburgh na Glasgow huimaliza Desemba, kabla ya likizo. Oxford na Cambridge muhula ni wa wiki nane, unakatika mapema Desemba, na mitihani mikubwa ni ya kiangazi. Kwa hiyo mtu wa Edinburgh akipanda ndege Desemba anakwenda kupumzika. Wa Leeds anakwenda na madaftari, na nyumbani hakuna atakayemwamini akisema hawezi kwenda harusini kwa sababu anasoma.

Piga hesabu ya siku. Likizo ya wiki tatu ni siku 21. Toa 2 za safari ya kwenda, 2 za kurudi, na 4 za akiba kabla ya mtihani wa kwanza, maana Januari ukungu na theluji huvuruga ratiba za ndege. Zimebaki 13. Toa za kuzunguka kwa mashangazi na wajomba, utajua mwenyewe.

Mkataba sasa. Wa hosteli kwa kawaida ni wiki 40 hadi 51, unalipia Krismasi ulale usilale, kwa hiyo ukibaki huongezi kodi. Lakini baadhi ya kolegi za Oxford na Cambridge zinakodisha chumba kwa siku za muhula tu. Muhula ukiisha unatoa kila kitu mpaka sufuria, na anayetaka kubaki anaomba chumba cha likizo mapema na kulipa kwa usiku. Kwa huyu kubaki kuna gharama yake, na tiketi ya nyumbani haionekani tena ghali kiasi kile.

Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi. Likizo huwa ya wiki tatu au nne, na tiketi kwa kawaida hazipandi kama za Desemba. Kasoro yake ni mbili: asainmenti za muhula wa pili zimerundikana hapo, na nyumbani masika yanaanza.

Kiangazi ni bora kuliko zote kwa mtu wa shahada ya kwanza, anapata miezi mitatu hivi. Wa masta ya mwaka mmoja asijidanganye: miezi hiyo ni ya tasnifu, na kwa masharti ya viza si likizo.

Msimamo wangu: mitihani ikiwa Januari, baki Desemba uende Pasaka. Mitihani ikiisha Desemba, nenda.

Kibarua

Mkuu umeruka kitu kimoja, kipato. Viza ya shahada inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kutwa nzima wakati wa likizo rasmi ya kozi. Kima cha chini kuanzia Aprili 2026 ni pauni 10.85 kwa saa kwa wa miaka 18 hadi 20, na 12.71 kwa wa 21 kwenda juu.

Mtu wa miaka 19 akifanya saa 35 kwa wiki tatu: 35 × 3 × 10.85 = pauni 1,139.25. Kwa wiki ni 379.75. Bima ya taifa ni asilimia 8 ya kinachozidi pauni 242 kwa wiki, kwa hiyo inakatwa pauni 11 na senti mbili kila wiki, na hiyo hairudi. Kodi ya mapato ni jambo jingine: mwaka mzima usipovuka pauni 12,570 hudaiwi. Ikikatwa kimakosa, na kwa vibarua vya msimu hutokea sana mwajiri akikuweka kwenye kodi ya dharura, unarudishiwa. Tunza fomu P45 anayokupa mwajiri ukiacha kazi.

Makosa mawili yanayogharimu viza. La kwanza ni hesabu ya wiki. Kisheria wiki inaanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Muhula ukiisha Ijumaa, wiki hiyo nzima bado ni ya saa 20, na saa 35 zinaanza Jumatatu inayofuata. La pili ni kusambaza chakula kwa baiskeli kwa akaunti yako au ya kukodi. Huko ni kujiajiri, na viza ya mwanafunzi inakataza kabisa, hata kwa saa moja.

Kwa hiyo anayekwenda Desemba gharama yake ni tiketi na zawadi, juu yake weka pauni elfu na kitu ambazo hakuzipata.

Mmachame

Hesabu nzuri, lakini Desemba kwetu haihamishiki. Ukoo mzima unapanda Moshi, kuanzia aliyeko Mwanza hadi aliyeko Dar. Mashauri ya kihamba (shamba la ukoo), mahari na makaburi ya kujengea yanafanyika wiki ile. Ukija Pasaka utamkuta bibi na mbwa. Kwa watu wa namna hii, Desemba ni bora hata kama siku ni 13, ila atue KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) moja kwa moja badala ya kutua Dar na kugombania basi wiki ya Krismasi. Amsterdam, Doha na Addis Ababa zote zina ndege za KIA.

BintiMrima

Na kwetu pwani Desemba ni mwezi kama mwingine. Idi el-Fitri ya 2027 inaangukia takriban tarehe 10 Machi, kutegemea mwezi, na hapo vyuo vingi viko katikati ya muhula. Anayetaka kusali Idi nyumbani lazima aombe ruhusa ya kutokuwepo, kwa maandishi, kabla ya kukata tiketi. Chuo ndicho mdhamini wa viza yako na kinatakiwa kufuatilia mahudhurio. Ukiondoka kimyakimya, utoro wako unaweza kufika kwenye ofisi ya viza.

Hili linamhusu wa Desemba pia. Tiketi ya rahisi mara nyingi ni ya wiki moja kabla ya kufunga, ndiyo maana inavutia, na wiki hiyo ndipo huwekwa semina ya mwisho na tarehe za kukabidhi kazi. Halafu Januari baadhi ya vyuo vinataka wenye viza waripoti wenyewe chuoni kabla ya tarehe fulani. Itafute tarehe hiyo kwenye barua pepe zako kabla hujachagua siku ya kurudi.

Mpita Njia

Upande wa safari yenyewe, mambo yanayowakwamisha watu uwanjani ni haya.

Viza sasa ni ya kidijitali, imefungwa kwenye namba ya pasipoti ndani ya akaunti yako ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza). Kabla ya kutoka Uingereza ingia kwenye akaunti, linganisha namba ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu, kisha toa ile namba ya kushirikisha wengine (share code). Ya safari inaanza na herufi S, na inadumu siku 90. Ichapishe pamoja na barua ya chuo inayothibitisha wewe ni mwanafunzi.

Kosa kubwa la likizo ni kubadilisha pasipoti ukiwa nyumbani. Uhamiaji wanakupa mpya, namba nyingine, na akaunti bado ina ya zamani. Mhudumu wa ndege anaingiza namba mpya, mfumo haumwonyeshi kitu, hupandi. Ukipata pasipoti mpya, iingize kwenye akaunti siku hiyo hiyo, usingoje siku ya safari, na utembee na zote mbili.

Njia: Nairobi kuna ndege za moja kwa moja kwenda Heathrow, Kenya Airways na British Airways, kama saa nane na nusu hadi tisa. Wa Dar na Zanzibar wengi hupitia Addis, Doha au Istanbul. Kuna wanaokata London hadi Nairobi, kisha Nairobi hadi Dar kwa tiketi ya pekee kwa sababu jumla inashuka. Elewa unachonunua: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji wala hairudishi hela, na begi unalichukua na kulikabidhi upya mwenyewe. Ukifanya hivyo lala Nairobi usiku mmoja, ila mapumziko yakizidi saa 12 Nairobi au Addis, Tanzania inaweza kukudai kadi ya homa ya manjano. Iweke kwenye pasipoti.

Ndege inayoondoka uwanja wa Uingereza ikichelewa kufika kwa saa nne au zaidi kwa kosa la shirika, safari ya zaidi ya kilomita 3,500 fidia ni pauni 520. Haijalishi shirika ni la nchi gani. Watu hawaidai kwa kutojua tu.

Mwana Kivu

Kwa ndugu zetu wenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa, angalizo. Tumo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanadaiwa viza ya kupita uwanja wa ndege eneo la Schengen, hata kama hutoki nje ya uwanja, na viza ya Uingereza haikuondoi kwenye sharti hilo. Amsterdam, Paris na Brussels ziache. Addis au Istanbul ukienda Kigali, halafu barabara mpaka Goma au Bukavu ukiwa umehakikisha mpaka uko wazi. Mkenya na Mtanzania hawamo kwenye orodha hiyo ya pamoja, msichanganye.

Muuguzi wa Zamu

Mnasahau mwili. Kinga dhidi ya malaria uliyoijenga kwa kuishi nyumbani hupungua ukikaa nje. Anayekwenda Desemba apitie duka la dawa angalau wiki mbili kabla. Dawa ya kinga ya atovakwoni-proguanili: anza siku moja au mbili kabla ya safari, kila siku, hadi siku 7 baada ya kurudi. Doksisiklini ni ya bei nafuu zaidi lakini unameza hadi wiki 4 baada ya kurudi, na hapo ndipo wengi huacha, wakiwa katikati ya mitihani. Chandarua usidharau.

Ukirudi Uingereza ukapata homa, hata miezi kadhaa baadaye, piga 111 (simu ya ushauri ya NHS, huduma ya afya ya taifa) na useme kwa sentensi ya kwanza: "Nilikuwa Afrika Mashariki." Usiposema, utaambiwa ni mafua ya msimu, upewe parasetamoli.

Kwa wanaobaki: London tarehe 21 Desemba jua linazama saa tisa na dakika 53 alasiri. Edinburgh ni saa tisa na dakika 40, na lilichomoza saa mbili na dakika 42. Ukiamka saa tano umeshapoteza theluthi ya mwanga wa siku. Ushauri wa NHS ni vitamini D mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na kwa wenye ngozi nyeusi mwaka mzima wafikirie. Toka nje kabla ya saa sita, hata kama ni dakika 20 kwenda dukani.

Fresha

Asanteni wakuu. Kwa anayebaki, tarehe 25 anakula wapi? Nasikia kila kitu kinafungwa.

Kibarua

Kweli. England na Wales sheria ya 2004 inakataza duka lenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280 kufunguliwa Krismasi. Vijiduka vidogo vinaruhusiwa, ila usitegemee. Nunua hadi tarehe 23, maana 24 rafu zimepigwa. Treni tarehe 25 hakuna kabisa na 26 ni chache mno, kwa hiyo ukialikwa kwa watu mji mwingine, nenda 24 mchana ulale huko. Kadi ya reli ya miaka 16 hadi 25 ni pauni 35 na inakata theluthi ya nauli. Mwanafunzi wa muda wote aliyezidi umri huo naye anaruhusiwa.

Iarifu ofisi ya malazi kwamba umebaki. Likizoni ulinzi hupunguzwa na majengo mengine hufungwa kabisa.

BintiMrima

Na anayekwenda, arudi na nini? Forodha za Uingereza ziko hivi: nyama ya aina yoyote, maziwa, jibini na samli kutoka kwetu hazipiti, hata kidogo. Asali ni hadi kilo 2. Samaki, pamoja na mkavu, jumla hadi kilo 20. Unga, majani ya chai na viungo vikavu vilivyosagwa havina shida. Matunda na mboga mbichi usijisumbue navyo, nyingi zinadai cheti cha afya ya mimea.

Fresha

Kwa hiyo dagaa ruksa?

BintiMrima

Ruksa mdogo wangu. Wafunge mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na fundo lake, kisha ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, la sivyo sweta zote zitanuka hadi Machi. Na ukiwakaanga hosteli, funga mlango wa jiko kabla mafuta hayajapata moto. Jikoni kwa kawaida kuna kihisi cha joto, lakini kwenye korido kipo cha moshi, na hicho ndicho kinachowatoa watu wote nje na kanga saa nne usiku.