Naomba ushauri: gauni la mtoto anayekua liachwe akiba kiasi gani?

Mshonaji_Mgeni: Habari zenu wanajamvi. Bado ninajifunza kushona, na kazi iliyo mbele yangu ni magauni matatu ya pamba ya binti yangu, ambaye ametimiza miaka mitano. Gauni nililomshonea mwaka jana limembana kwapani hata mshono umefumuka, na sitaki jambo hilo lijirudie. Naomba kujua niache kitambaa cha akiba kiasi gani ili magauni haya yamfae kwa miaka miwili. Nimefikiria kuongeza sentimita 10 kila upande, mabegani, kifuani na kwenye urefu, kwa kuwa naona kuzidi ni afadhali kuliko kupungua.

Pindo_Refu: Ndugu yangu, usiongeze sawasawa kila mahali. Mtoto wa umri huo hurefuka kwa takriban sentimita 6 kwa mwaka, lakini kifua chake hupanuka kidogo sana. Ukiyapanua mabega, shingo ya gauni itateleza hadi kwenye mkono na mtoto atashinda akiipandisha. Akiba iweke kwenye urefu: acha pindo la sentimita 8, na juu yake, kwa ndani, tia mkunjo mmoja wa mishono mirefu. Mkunjo wenye kina cha sentimita 2 huficha sentimita 4 za kitambaa, nawe mwakani utaufumua bila kugusa mkasi. Kifua chake ni sentimita ngapi?

Mama_wa_Watatu: Umenikumbusha gauni la binti yangu mkubwa, ambalo lilivaliwa na wote watatu. Kila nilipoteremsha pindo, pale lilipokuwa limekunjwa palibaki mstari uliopauka ambao haukuondoka kwa sabuni wala kwa pasi, kwa hiyo niliufunika kwa utepe. Lilipomfikia kitinda mimba lilikuwa na tepe mbili, na yeye aliamini kuwa limeshonwa hivyo tangu mwanzo. Tafuta utepe wa rangi inayopatana na kitambaa sasa hivi, kabla hujauhitaji.

Mshonaji_Mgeni: Nawashukuru nyote. Kuhusu kifua, vipimo nimevichukua kwenye gauni lile la zamani, kisha nikaongeza. Niseme pia kwamba magauni mawili nimekwisha kuyakata, na moja nimelipiga bandi, yaani nimelishikiza kwa mishono ya muda.

Fundi_wa_Bandi: Hapo sikuelewi. Gauni la zamani linambana, yaani limekwisha kukosea, nawe umelifanya kuwa kipimo cha jipya. Kitambaa ulikilowesha na kukikausha kabla ya kukata? Pamba hurudi ikifuliwa, na akiba yako inaweza kuishia kwenye beseni. Zaidi ya hayo, kwa nini humpimi mtoto mwenyewe?

Neno_la_Wazi: Fundi amesema kweli. Kumpima mtoto ni kazi ya dakika tano, na mzazi anayeshindwa kuzipata hizo dakika tano ajiulize anashona kwa ajili ya nani.

Mshonaji_Mgeni: Kitambaa nilikilowesha. Mtoto sijampima kwa sababu sijamwona kwa miezi kumi. Anaishi na mama yake, mbali na hapa, na mimi ni baba yake. Sikulitaja mapema kwa kuwa nilijua mazungumzo yangegeuka kuwa ya ndoa yangu, ilhali swali langu lilikuwa la kitambaa. Kukata sijutii. Kama ningesubiri hadi kila kitu kiwe wazi baina yetu wakubwa, mtoto angefika miaka saba bila hata nguo moja iliyotoka mikononi mwangu.

Msomaji_Makini: Nimerudi kusoma uzi huu tangu mwanzo na kuna jambo halikai sawa. Ulisema gauni limembana kwapani na mshono umefumuka. Kama hujamwona mtoto kwa miezi kumi, umejuaje? Na gauni hilo umelipimaje, ikiwa liko kwa mtoto? Visa vya kubuni vipo vingi, na watu humu wanatoa muda wao kwa moyo.

Mama_wa_Watatu: Hata mimi sasa nimeingiwa na shaka.

Mshonaji_Mgeni: Swali lako ni la haki. Gauni lilirudishwa kwangu mwezi uliopita ndani ya kifurushi, pamoja na viatu vilivyokuwa vidogo, bila barua. Ni la njano. Chini ya kwapa la kulia mshono wangu umekatika kwa urefu wa kidole, na umeshonwa tena kwa mkono, kwa uzi mweusi, karibu kabisa na ukingo wa kitambaa. Pindo nalo limeteremshwa, na mstari wa zamani unaonekana.

Fundi_wa_Bandi: Kisa cha kubuni hakingekumbuka kuuweka uzi mweusi karibu na ukingo. Sikiliza, ndugu. Aliyeshona pale alikuwa anatafuta nafasi: alichukua akiba yote uliyoiacha, akateremsha na pindo, ili mtoto aendelee kulivaa. Mtu huyo hatakataa kukupimia. Mwandikie leo umwombe vipimo vinne: kifua, bega hadi bega, mkono, na urefu kutoka nyuma ya shingo hadi gotini. Vikifika, ongeza sentimita 8 kwenye kifua na usizidishe. Kilichokatwa kikubwa hupunguzwa. Kinachonitia wasiwasi ni kwapa, kwa sababu likikatwa chini mno, mtoto akiinua mikono gauni zima hupanda naye. Likiwa hivyo, tia kikwapa, yaani kipande cha mraba kilichokatwa mshazari ili kivutike.

Mshonaji_Mgeni: Nimemwandikia, na jioni amenijibu. Kifua 59, bega hadi bega 27, mkono 38, urefu 62. Mimi nilikuwa nimekata gauni la kifua cha 82. Nimekwisha kufumua bandi za lile la kwanza. Ameniuliza pia kama lile la njano naweza kulitengeneza nikalirudisha, kwa kuwa mtoto bado analiulizia. Kitambaa chake kilibaki kidogo, na vikwapa viwili vinatosha kutoka.