Tupeane uzoefu: mliwafundishaje watoto viambishi vya Kiingereza bila kugombana nao?

Mama Mapacha: Wakuu habari za jioni. Jana usiku nimekaa na kijana wangu wa darasa la nne, kazi ya nyumbani inasema aongeze "un-" na "re-" kwenye maneno. Nikajifanya mjuzi. Nikamwambia "un-" ni "si": "happy" ana furaha, "unhappy" hana. Akatikisa kichwa, akatazama sare yake iliyoning'inia mlangoni, akasema, "Kwa hiyo mama, 'uniform' ni kutokuwa na 'iform'? 'Iform' ni nini?" Baba yake alipaliwa na chai. Mimi nikakumbuka nilivyochapwa shuleni kwa kuandika "unpossible". Fimbo bila maelezo, hadi leo sijui kwa nini "happy" lichukue "un-" na lile likatae. Nyie mliwezaje?

Kachumbari: Wa kwangu kaniuliza kama "uncle" ni mtu asiye na "cle". Nikamwambia akamuulize mjomba wake.

Chaki Nyeupe: Mimi mwalimu, mwaka wa 16 huu, shule ya serikali, darasa lina watoto 90 na kitu. Mama Mapacha, umeanzia kwenye kiambishi, na mimi nilifanya hivyo miaka mingi. Anzia kwenye mzizi. Mtoto akikata "un" akabaki na "iform", muulize: hilo umewahi kulisikia likitembea peke yake? Hapana? Basi rudisha kisu. "Happy" linatembea, "lock" linatembea.

Halafu "un-" ziko mbili, na watoto wetu wanazo zote mdomoni tangu wanajifunza kuongea. Ikikaa kwenye sifa inakanusha. Ikikaa kwenye kitendo inatengua: "fold" kunja, "unfold" kunjua, "cover" funika, "uncover" funua. Ile "-ua" yetu ndiyo "un-" yao, ila sisi tunaiweka mkiani, wao kichwani. Niliposema hivyo darasa lilipiga kelele kama limeona goli. Kikasimama kitoto kimoja cha mbele kwa kujiamini kabisa: "Madam! Sit, unsit!"

Na "unpossible" yako, pole. "In-" ni ya Kilatini, ilikuja pamoja na maneno kama "possible". "Un-" ni ya Waingereza wenyewe tangu zamani. Lakini usiishike kama sheria, "unpopular" itakuumbua. Kwa nini basi "impossible" na si "inpossible"? Kwa nini wewe husemi nyumba "nbaya"? N ikikutana na b midomo inafunga yenyewe, inakuwa mbaya. Kwao hivyo hivyo: mbele ya p, b na m inakuwa "im-", mbele ya l inakuwa "il-" kama "illegal", mbele ya r "ir-" kama "irregular".

Siku yangu mbaya? 2011, mkaguzi kakaa dawati la nyuma. Nafundisha "-er": "teach", "teacher". "Drive", "driver". Mtoto akaninyooshea kidole: "Cook, cooker!" Vizuri sana, mpigieni makofi! Nikaandika ubaoni kwa chaki nyekundu "My mother is a good cooker", wakanakili wote. Mkaguzi hakusema kitu mpaka kengele ilipolia. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Madam, 'cooker' ni jiko." Watoto 90 wameenda nyumbani na daftari linalosema mama zao ni majiko.

Kachumbari: 😂😂😂 Mama anawashwa kwa kiberiti.

Mzalendo Halisi: Huu ni utumwa. Mtoto hajui viambishi vya Kiswahili, mnamhangaisha na vya Mwingereza.

Mama Mapacha: Kaka, soma alichoandika madam. Kaanzia kwenye Kiswahili.

Mzalendo Halisi: Nimesoma. Na viambishi vinavyokaa nyuma vinaitwa viambishi tamati, si "mkiani".

Kisomo cha Usiku: Sisi tulifundishwa viambishi fuata.

Mzalendo Halisi: Mlifundishwa vibaya.

Kisomo cha Usiku: Na babu yako alifundishwa viambishi nyuma, kamsahihishe huko aliko.

Utingo Mstaafu: Mimi Kiingereza nilianza darasa la 3, mwaka 1989, nikatoka na kitu kimoja tu: "in-" ni "si". Nikaja kuwa utingo wa lori la mafuta, njia ya Tunduma. Tanki limeandikwa "inflammable". Nikajisomea kisomi: hili halishiki moto. Nikatoa sigara. Dereva alinitoa pale kwa teke, sigara ikaenda upande wake. Kumbe "in-" ile haikanushi, imetoka kwenye "inflame", kuwasha. Ndiyo maana wengine wakahamia "flammable". Walimu, hiyo fundisheni siku ya kwanza.

Fundi Saa: Mmeniamsha kidonda. Mimi na "-less" hatupatani.

2019 kiwanda kilipunguza watu nikiwemo. Sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi nabeba begi, naaga, naenda kukaa kijiwe cha bao nyuma ya soko. Binti yangu wa darasa la tano akitoka shule anapita pale pale. Akaniona. Nikampa mia tano ya ubuyu, tukaelewana. Kila siku mia tano.

Ikafika siku ya wazazi. Watoto wanasoma sentensi zao mbele, mwalimu kawafundisha "-less". Mmoja "homeless", mwingine "careless", tunapiga makofi. Binti yangu akapanda, sauti nzuri, haogopi: "A man without a job is jobless. My father is jobless. He plays bao."

Mke wangu Kiingereza anakijua kuliko mimi. Alipiga makofi na wenzake. Akanigeukia taratibu...

Ngoja niingie kazini, nitaendelea jioni.

Kachumbari: Mkuu usitufanyie hivyo!

Kisomo cha Usiku: Nimeweka kiti. Viambishi baadaye.

Chaki Nyeupe: Wakati tunamsubiri: kata boksi la sabuni uwe na karata, mizizi rangi moja, viambishi nyingine. Mtoto akiunganisha neno, alitumie kwenye sentensi la sivyo karata inarudi. Na umwonye mapema: y inageuka i, "happy", "happiness". "Full" ikiwa mkia inadondosha l moja, "careful".

Mama Mapacha: Madam ubarikiwe.

Bibi Mdala: Msiwachoshe. Wasomeeni hadithi, maneno yataingia yenyewe.

Utingo Mstaafu: Hayaingii, bibi. Mimi shahidi.

Fundi Saa: Nimerudi. Akanigeukia taratibu akaniuliza, "Na 'shameless' mwalimu wao kawafundisha?" Hatukuongea mpaka nyumbani. Kumbe alijua muda mrefu, muuza nyanya alimwambia. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Kilichomuuma hasa si kazi, ni ubuyu, kumfundisha mtoto kupokea hongo. Kazi nilipata mwaka uliofuata. Mia tano bado nadaiwa.

Mzalendo Halisi: Hapo ingekuwa sentensi ya Kiswahili usingeumbuka.

Fundi Saa: Kwa Kiswahili wangesikia ukumbi mzima, ndugu yangu.

Mama Mapacha: Mrejesho. Karata zimefanya kazi, tumecheza hadi saa tatu usiku, hakuna aliyelia. "Teacher" anafundisha, "driver" anaendesha, "singer" anaimba. Amekwenda kulala, karudi mlangoni na nguo za kulalia: "Mama, sasa 'father' yeye anafanya nini?"

Fundi Saa, hilo nimekuachia.

Fundi Saa: Mwambie anacheza bao.