MJADALA: Nesi akiwa mapumziko, azime simu au asizime?

Mzuka wa Wodi: Wakuu, naomba maoni bila matusi. Nesi yuko mapumziko, metroni anapiga: mwenzako haji, njoo uzibe pengo. Akikataa, hana moyo wa kazi. Mimi nasema azime simu. Nyie je?

Hoja Nzito: Unesi ni wito. Na tuseme ukweli, zamu ya usiku si mnalala tu? Mapumziko ya kuchoka na nini?

Dada Zamu: Umelazwa lini wewe? Shika wodi ya wagonjwa 30 peke yako, badilisha dripu, pima presha, jibu ndugu wanaofoka, halafu uniambie ulilala kitanda kipi.

Hoja Nzito: Nimelazwa, dada. Nilibonyeza kengele mpaka kidole kikafa ganzi. Aliyekuja alikuwa na alama ya mto shavuni.

Dada Zamu: Ya barakoa hiyo! 😂

Kalamu Mbili: Mnacheka, lakini wale wa saratani wa WHO waliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Ilikuwa 2007, na 2019 wakarudia yaleyale.

Hoja Nzito: Kundi hilohilo lina nyama nyekundu. Tufunge na mabucha?

Mla Mifupa: Nyama iacheni kabisa! Zilizo kundi la juu zaidi ni soseji, si nyama yenyewe.

Kalamu Mbili: Nani kauliza soseji? Pendekezo la ILO, lile Shirika la Kazi Duniani, la 1977 kuhusu wauguzi, namba 157 nadhani, linataka angalau saa 12 za kupumzika kati ya zamu na zamu. Aliyetoka asubuhi akaitwa mchana, hizo saa anazitoa wapi?

Hoja Nzito: Pendekezo si sheria.

Dada Zamu: Kitanda kipi? Bado nasubiri.

Mume wa Nesi: Mwanangu keshaujua mlio wa metroni. Simu ikilia tu, anakwenda kuficha viatu vya mama yake.

Hoja Nzito: Baba upo, mtoto anamng'ang'ania mama wa nini? Labda huko ndiko kwenye tatizo.

Mume wa Nesi: Unasemaje? Nani anamwogesha, nani anamlaza? Wewe wako unajua hata yuko darasa la ngapi?

Mla Mifupa: Hapo kakushika, Hoja.

Mzuka wa Wodi: Jamani, simu! Azime au asizime?

Mume wa Nesi: Subiri mkuu, huyu kwanza ajibu darasa la ngapi.