Ulinganisho: AI (akili bandia) kwenye chuo cha biashara, tuipige marufuku, tuiachie au tutengeneze boti ya kozi, yaani programu ya kujibu maswali? Na kwenye udahili je?

Mzee_wa_Leja
Habarini wakuu. Nafundisha uhasibu na misingi ya biashara kwenye chuo kimoja hapa Dar, na semista iliyopita imenikalisha chini nikafikiri sana. Nilitoa asaimenti ya kesi, duka la jumla Kariakoo linauza vizuri kila siku lakini mwenye duka hana hela ya kulipia mzigo, semeni tatizo liko wapi. Nikaletewa kazi 80 zinazofanana kama pacha, Kiingereza kimenyooka, vichwa vya aya vilevile, karibu wote wanamwambia mwenye duka aboreshe mikakati ya masoko, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu mtu anakopesha wateja kwa siku ngapi. Halafu kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, nikaweka swali la aina hiyohiyo, wengi wameacha karatasi nyeupe. Imeniuma kwa sababu hawa watoto si wavivu, nawajua, kuna anayeamka saa kumi alfajiri Mbagala huko awahi kipindi cha kwanza.

Sasa nimewekwa kwenye kamati ya kupendekeza njia. Mezani kuna tatu: marufuku kabisa turudi kalamu na karatasi, au turuhusu kwa masharti, au tutengeneze boti yetu iliyolishwa madesa (notsi) ya kozi. Na watu wa udahili nao wanataka boti ya WhatsApp ya kujibu waombaji, mwingine kaenda mbali zaidi anataka AI ndiyo ichambue maombi. Aliyeona hivi vitu vikifanya kazi naomba anisaidie, nataka sababu, siyo tu "dunia imebadilika".

komredi_Njoro
Pole mwalimu. Mimi niko upande huu wa Kenya nasaidia kufundisha. Marufuku utaandika lakini utaishikaje? Zile programu za kunusa maandishi ya AI usiziamini, OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa ya kwao wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu ilikuwa inakosea sana. Watafiti wa Stanford mwaka huohuo walizijaribu kwa insha za TOEFL, yaani za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa, na kwa wastani zaidi ya nusu ya zile insha ziliitwa za mashine ilhali ziliandikwa na watu. Sasa fikiria mwanafunzi wetu mwenye Kiingereza cha kukariri shuleni, sentensi fupi, maneno ya kawaida, huyo ndiye atashikwa bure. Nimeona msichana mmoja akiitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa asilimia iliyotoka kwenye programu tu, alilia mpaka akashindwa kujieleza, na rasimu zake za mkono zilikuwa kwenye begi. Hilo silisahau.

Mimi naunga mkono ya pili. Ethan Mollick, mwalimu wa Wharton, shule kubwa ya biashara Marekani, tangu Januari 2023 aliwaambia wanafunzi watumie AI, sehemu zingine ni lazima kabisa, ila ueleze uliitumiaje na kosa lolote lililomo ni lako siyo la mashine.

SalmaMasoko
Komredi nakuheshimu ila hapo kwa Wharton tusikimbie. Wale ni watu wameshafanya kazi au wana msingi mzuri, wakipewa jibu bovu wanalinusa. Wa kwetu mwaka wa kwanza hajui hata mizania inatakiwa ilingane kwa nini, atajuaje kwamba mashine imemdanganya? Na inadanganya kweli, Christian Terwiesch, huyo naye wa Wharton, aliipa ChatGPT mtihani wake wa usimamizi wa shughuli za kampuni (operations) mwanzoni mwa 2023 akasema ingepata kati ya B na B-, ila kwenye hesabu ndogondogo ilikuwa inaanguka vibaya huku inaeleza kwa kujiamini.

Mwalimu, kitu kimoja kisome kabla ya kikao chenu. Hamsa Bastani na wenzake walifanya jaribio Uturuki, wanafunzi karibu 1,000 wa sekondari, somo la hesabu. Kundi moja likapewa AI ya kawaida, jingine AI iliyofungwa isitoe jibu, inatoa dokezo tu, na kundi la tatu vitabu na notsi zao. Kwenye mazoezi wa AI ya kawaida walipanda asilimia 48, wa dokezo asilimia 127. Halafu mtihani ukaja bila AI: wale wa AI ya kawaida wakashuka asilimia 17 chini ya wasiogusa kitu. Wa dokezo hawakushuka. Sasa hiyo si ndiyo UE yako hiyo, karatasi nyeupe? Waliona wanajua kumbe jibu lilikuwa linakaa kwenye simu.

Kwa hiyo kwangu tatizo haliko kwenye kuruhusu au kukataza, liko kwenye nani anaanza kufikiri.

Mzee_wa_Leja
Salma umenigusa. "Waliona wanajua", ndiyo hiyo hasa. Nilipowauliza baada ya mtihani wakaniambia mwalimu tulisoma sana.

Binti_wa_Bumu
Shikamooni. Naomba niseme kama mwanafunzi, shahada ya biashara (BBA) mwaka wa pili. Watu wanadhani tunadesa (tunanakili) kwa kupenda, lakini asaimenti nne zinaisha siku moja na kesi yenyewe ni ya kampuni ya Marekani sijawahi kuona bidhaa yake, nitaanzia wapi? Mwalimu wangu mmoja alifanya tofauti, kila kikundi kiende kwa mama ntilie au fundi cherehani anayemfahamu, mkae naye siku mbili, muandike mauzo na matumizi yake, ndipo mje na hesabu. Pale AI haikuwa na cha kutupa mpaka sisi tuwe na namba. Tuliitumia mwishoni kukagua na ikatukosoa vizuri tu, kumbe tulisahau kuhesabu mkaa.

Jingine ni hela. Kuna wenzetu wanalipia ile ya kila mwezi, sisi wengine tunatumia ya bure na bando la kuungaunga, bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, likichelewa hata hiyo hamna. Mkiruhusu kwa masharti bila kutoa kitu kimoja kwa wote, mtakuwa mnasahihisha mifuko.

komredi_Njoro
Dada hiyo ya mifuko umesema kweli na sikuwa nimeifikiria. Nashuka kidogo kwenye msimamo wangu.

Kibo_Atlanta
Niingie upande wa udahili maana niko Atlanta na hii kitu huku ilizungumzwa sana. Georgia State, chuo kikuu cha hapahapa mjini, mwaka 2016 walikuwa na shida ya watoto waliokubaliwa, wakakubali nafasi, halafu Agosti hawatokei. Wengi hawakuwa wamebadili mawazo, walikwama kwenye fomu za mkopo, chanjo, malipo ya awali, nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo wa kumuuliza. Wakaweka boti inaitwa Pounce, inajibu kwa SMS za kawaida hata usiku wa manane, na swali isilolijua inampelekea mfanyakazi. Kiangazi kile ilijibu zaidi ya jumbe 200,000 na waliopotea wakapungua karibu moja ya tano. Iliongea vitu vidogo tu, tarehe, fomu, ofisi iko wapi. Haikumchagua mtu.

Meza_ya_Udahili
Kibo asante, umenipa mfano niliokuwa nautafuta. Mimi nimekaa dirisha la udahili miaka sita. Kila msimu tunapoteza waombaji mahali palepale: kachaguliwa vyuo viwili au vitatu, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu, sasa laini aliyojaza ni ya mjomba yuko Sumbawanga, namba imekuja mjomba kaipuuza, siku zimeisha. Simu ya ofisi inaita watu wawili tunapokezana. Boti ya Kiswahili ya kumkumbusha "umeshathibitisha? namba haijaja? fanya hivi" ingeokoa wengi.

Ila ya kuchambua maombi nakataa kwa nguvu zote. Mashine inajifunza kwa waliochaguliwa zamani, na zamani tulichukua wengi wa shule zilezile za mjini, itaona mtoto wa shule ya kata Liwale imuweke chini bila kusema kwa nini. Tena kuna sheria, ya kwetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ya Kenya ya 2019 zote zinampa mtu haki dhidi ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Mzazi akija dirishani kuuliza kwa nini mwanangu kaachwa, nitamuonyesha nini?

Mzee_wa_Leja
Nimewasoma wote mara mbili. Kuhusu ile njia ya tatu niliulizia kwa watu, Jeff Bussgang wa Harvard Business School mwaka 2023 alitengeneza boti ya kozi yake ya ujasiriamali, kaiwekea kesi na maelezo ya kufundishia, wanafunzi wanaiuliza kabla ya kipindi. Wazo zuri, ila kwetu nitaibana kama ile ya dokezo ya Uturuki, iulize kwanza "wewe unaonaje", ijibu Kiswahili na Kiingereza, na iwe kwenye kompyuta za maktaba ili asiye na bando asiachwe.

Nitakachopeleka kamati ni hiki. Mwaka wa kwanza testi zote kalamu na karatasi, boti ya dokezo ni ya mazoezi tu. Mwaka wa pili kuendelea AI ruksa, lakini kesi itoke kwa biashara waliyoitembelea wenyewe, na kila mmoja ananieleza kwa mdomo dakika tano. Udahili boti ya kukumbusha na kujibu, ikishindwa inampa mtu. Kuchambua maombi hapana.

SalmaMasoko
Dakika tano kwa watu 80 ni karibu saa saba mwalimu, utaweza?

Mzee_wa_Leja
Nimepiga hesabu, naigawa siku mbili. Kusahihisha yale makaratasi 80 ya kufanana kulinichukua wiki nzima.

Binti_wa_Bumu
Mwalimu hiyo ya mdomo ruhusu Kiswahili tafadhali, kuna watu wanajua hesabu ya duka lote ila Kiingereza kinawafunga.

Mzee_wa_Leja
Nimeandika, mwanangu. Itaingia.