Tupeane uzoefu: udongo gani uliwahi kuitia wazimu ditekta yako?

Mwanzisha uzi
Wakuu, naanza na aibu yangu mwenyewe. Siku ya kwanza kushika ditekta ya metali nilipanda kilima cha udongo mwekundu, nikapandisha usikivu mpaka mwisho. Hesabu yangu ya kitoto: usikivu mwingi, kina kirefu. Mashine ikapiga kelele kila hatua. Nilichimba mashimo 12, yote matupu, nikaapa kwamba nimeuziwa kopo. Jioni nikashusha usikivu hadi nusu kwa sababu tu masikio yalikuwa yanauma. Ikatulia. Pembeni ya shimo la tatu, nililokuwa nimeshalifukia, ikalia mara moja, sauti fupi na safi: kitufe cha shaba, cha nguo, hata kiganja kimoja chini hakikufika. Mchana kutwa nilikuwa nakipita. Wekundu ule ni oksidi za chuma, na mimi nilikuwa nimeiamuru mashine isikilize kilima kizima. Haya, wenzangu mlipatwa na nini, na mlirekebisha wapi?

Pole Pole
Mkuu, hujasema kama uliibalansi mashine kabla ya kuanza, yaani kuizoesha udongo wa hapo ili isiulilie. Mimi nilikuwa nabalansi asubuhi mara moja, basi, imetoka. Siku moja nikabalansi juu ya msumari bila kujua. Saa nne nzima nilitembea na mashine iliyoaminishwa kwamba ardhi ndiyo ule msumari! Tangu hapo napitisha koili (ile sahani ya chini inayonusa metali) kwanza mpaka nipate sehemu isiyolia, nazima kichujio cha chuma, kile kinachonyamazisha sauti za chuma, halafu naiinua na kuishusha, sentimita 5 hadi 30 hivi kutoka chini, mara sita saba. Sauti ikipanda kila koili inaposhuka, bado. Ikibaki ileile juu na chini, naondoka. Udongo ukibadilika rangi narudia, hata kama nimepiga hatua ishirini tu. Wenzangu hunicheka.

Mchanga Mbichi
Mimi adui yangu ni chumvi. Juu kwenye mchanga mkavu mashine ni mpole kama mtoto aliyeshiba; ukivuka kwenda mchanga uliolowa maji ya bahari, inapagawa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo koili inauhisi ufuko wenyewe kama kitu cha metali. Yangu ilikuwa ya frikwensi moja, tena ya juu, ile iliyotengenezwa kwa punje ndogo za dhahabu, na mashine za aina hiyo ndizo chumvi inazitesa zaidi. Ukiibalansi kwenye mkavu inalia kwenye mbichi, ukiibalansi kwenye mbichi inalia kwenye mkavu.

Kilichonisaidia kwanza hakikuwa kitufe chochote. Niliacha kukatiza kutoka juu kwenda majini na kurudi. Natembea sambamba na maji: mkavu wote namaliza, nabalansi upya, ndipo naingia mbichi. Baadaye nikapata mashine inayotuma frikwensi kadhaa kwa pamoja. Nafuu kubwa mno, ingawa wimbi likigusa koili bado inashtuka.

Bila Jina
Yangu fupi. Wiki mbili nililaumu udongo, kumbe simu iko mfukoni. Iwekeni mbali na koili.

Majivu
Kuna hili hamjaligusa: ardhi iliyoungua. Nilikuwa kwenye shamba tulivu kabisa, mashine imekaa vizuri, ghafla duara la hatua tatu linanguruma lote. Nikachimba nikijua nimepata sanduku! Mkaa. Moto mkali hugeuza madini ya chuma yaliyomo udongoni yakawa na sumaku zaidi, hata pale ambapo udongo wa jirani ni wa kawaida. Siku hizi nikikuta duara kama hilo nabalansi ndani yake, nabadilisha koili naweka ndogo, maana koili ndogo inaona udongo kidogo kwa wakati mmoja. Msiliruke: watu walipokaa kuota moto ndipo walipoangusha vitu.

Mwanzisha uzi
@Pole Pole, yangu ina balansi ya kujirekebisha yenyewe. Niiache iwake muda wote?

Pole Pole
Ukiwa unatembea, ndiyo, hasa kama udongo unabadilika kila mara. Ukisikia kitu kinachonong'ona, funga kwanza balansi ibaki pale ilipo. Ukipitisha koili mara kumi juu ya sauti dhaifu, mashine inaizoea na kuihesabu kuwa ardhi, sauti inakufa mbele yako. Nimepoteza vitu hivyo. Mawe yenye chuma kingi nayo yatakudanganya. Inua koili kidogo, mara nyingi sauti ya jiwe huyeyuka haraka kuliko ya metali.

Mwanzisha uzi
Nimekupata. Kesho narudi kilimani, usikivu nusu, simu naiacha nyumbani. Bado kuna pembeni mwa mashimo 11 sijapasikiliza.