Dola 170 kwa fomu ya bure! Wazazi wa Goma tumeuziwa FAFSA isiyo yetu

Ndugu zangu wazazi wa Goma na Bukavu, na ninyi mlio ng'ambo, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Nimelipa dola 170 kwa ofisi moja ya hapa mjini ili binti yangu aombewe msaada wa kusoma chuo Marekani. Fomu waliyoniuzia, FAFSA, ndiyo ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, na ni ya bure. Tena si ya watu wa kwetu. Na tulipokuwa tunaisubiri hiyo, fomu iliyotuhusu kweli ikapitwa na tarehe bila sisi kujua kama ipo.

Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu anauza maharagwe soko la Virunga. Binti yetu mkubwa alipata diplome ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, mwaka 2024, asilimia 76, na ndiyo kwanza tulikuwa tunahesabu minervali, yaani ada, ya chuo cha hapa, vita ikaingia mjini mwezi wa kwanza 2025. Akakaa nyumbani. Akajifundisha Kiingereza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, usiku, umeme ukirudi. Mwalimu wake wa zamani akamsaidia kuandika maombi ya chuo kimoja Marekani, chuo kidogo kinachosaidia wanafunzi wa kigeni, na chuo chenyewe kikamsamehe ada ya maombi. Mpaka hapo hatukuwa tumetoa hata franga moja. Ikabaki habari ya fedha, na mwalimu akasema wazi kwamba hapo yeye haelewi.

Ndipo jirani akanielekeza kwenye ile ofisi. Meza mbili, kompyuta tatu, bendera ndogo ya Marekani imebandikwa ukutani. Kijana wa pale akasema tunahitaji FAFSA, bila FAFSA hakuna mtoto anayesaidiwa Marekani. Dola 120 za kujaza, 50 za kuharakisha. Nikauliza mara mbili kama ni kweli kwa mtoto aliye Goma, asiyewahi kukanyaga Marekani. Akajibu, "Papa, mambo iko sawa, muende mupumzike, siye tunajua njia yote." Nilituma pesa kwa simu palepale. Kwangu mimi dola 170 ni zaidi ya sare thelathini za shule: kukata, kushona, kuweka vifungo, kupiga pasi ya makala.

Binti alikaa naye kwenye kompyuta. Aliporudi aliniambia jambo ambalo nilipaswa kulishika hapohapo. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika namba ya Social Security, namba ya utambulisho ambayo Marekani inawapa watu wake, tarakimu 9. Yeye hana, hawezi kuwa nayo. Kijana akamwambia aache wazi, "hapo tutaweka namba yetu." Namba yao ipi? Ya nani? Jina la mtoto wangu, tarehe yake ya kuzaliwa, na namba ya mtu mwingine, kwenye fomu ya serikali ya Marekani ambayo mwombaji anatia sahihi kwamba amesema kweli. Ndugu zangu, hilo linanikosesha usingizi kuliko pesa. Kesho mtoto akienda kuomba viza, wakakuta aliwahi kudanganya serikali yao, nani atasimama dirishani kumtetea? Yule kijana?

Mwezi wa tatu mdogo wangu aliye Louisville, Marekani, alipiga simu kutusalimu. Nikamweleza kwa furaha kwamba tunangoja jibu la FAFSA. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mukubwa, wamekula pesa yenu."

Yeye mwenyewe ameijaza kwa ajili ya binti yake, jioni moja, mezani kwake, kwenye tovuti ya serikali, studentaid.gov. Hakulipa hata senti. Herufi ya kwanza ya hilo jina, F, ni ya neno Free, yaani bure. Imeandikwa kwenye jina lenyewe! Na msaada unaotoka kwa fomu hiyo ni wa raia wa Marekani, wa wenye ukaazi wa kudumu, na makundi mengine machache yaliyotajwa kisheria. Mtoto wa Goma aliye Goma hayumo. Hata ukilipa dola elfu, hayumo.

Ninyi mlio kule na mna hati zenu, hiyo ni ya kwenu, na msikubali mtu awatoze. Mdogo wangu anasema mwanafunzi anafungua akaunti yake na mzazi yake, kila mmoja peke yake, na mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza bado kufungua. Kila mmoja anakubali habari za kodi zichukuliwe moja kwa moja kutoka ofisi ya kodi, IRS, na wanaangalia kodi ya miaka miwili nyuma: kwa masomo ya 2026-2027 wanatazama mapato ya 2024. Ruzuku yao kubwa, Pell, ilifika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025-2026, na hairudishwi kama deni. Kwa hiyo FAFSA ni kitu kizuri kwa wenyewe. Hasira yangu ni kwa aliyeichukua akaja kuiuza huku.

Sasa sikieni kilichoniumiza zaidi.

Ile ofisi ndiyo iliyomfungulia binti barua pepe ya kutumia na chuo, na namba ya siri wakabaki nayo wenyewe. Walisema ni kwa usalama. Baada ya simu ya mdogo wangu nilikwenda pale siku tatu mfululizo mpaka wakaandika ile namba nyuma ya risiti na kunitupia. Binti akafungua usiku ule, sote watano tumemzunguka. Barua nne kutoka chuo. Ya kwanza ilifika kabla ya Noeli: tumepokea maombi yako, sasa jaza fomu ya msaada iitwayo CSS Profile. Ya pili, mwezi wa kwanza: hatujaona CSS Profile yako. Ya tatu: faili lako la fedha halijakamilika, tarehe ya mwisho ni hii. Ya nne: tarehe imepita. Zote zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Mtu alizisoma! Alizisoma akanyamaza, na mimi kila Jumamosi napiga simu naambiwa tusubiri kidogo.

CSS Profile ndiyo iliyokuwa yetu. Inasimamiwa na College Board, shirika la huko Marekani, na vyuo vingi vya binafsi vinaitumia kuwapima wageni wanaoomba msaada. Hiyo ina ada, dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachoongezeka. Vipo vyuo vinavyokupa msimbo wa kusamehewa ada ukiviandikia kwamba huwezi, na vipo vinavyokubali fomu nyingine isiyolipiwa iitwayo ISFAA. Dola 25! Nilizokuwa nazo mfukoni siku ileile niliyowapa hao 170.

Na vyuo navyo nina neno navyo. Binti ameifungua hiyo fomu tuione. Wanauliza hati ya kodi ya baba, hati ya kodi ya mama, taarifa ya benki, thamani ya nyumba. Benki zetu hapa zilifunga milango mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na pesa tunaishi nazo kwa simu au kwa kuvuka mpaka hadi Gisenyi. Taarifa ya benki nitaitoa wapi? Mke wangu na kapu lake la maharagwe, nani alimpa hati ya kodi zaidi ya kile kikaratasi cha soko? Ajabu ni kwamba njia ipo: vyuo hukubali barua ambayo mzazi anaeleza kazi yake, anachopata kwa mwaka, na kwa nini hana hati hizo, anatia sahihi, inatafsiriwa Kiingereza. Lakini inabidi uulize ndipo uambiwe. Kwa nini isiandikwe juu kabisa, kwa maneno makubwa, ili mzazi wa Goma asidhani amefungiwa mlango?

Jambo lingine ambalo yule kijana hakulisema, labda hata halijui. Kwa mgeni, vyuo vingi vya Marekani vinaangalia uwezo wa pesa wakati wa kuamua kama watamchukua. Vichache haviangalii, na vikimchukua vinamsaidia kwa kadiri ya upungufu wake: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin. Mlango wake ni mwembamba mno. Ila mzazi akijua hayo anapanga, anaomba vyuo kadhaa, anaandika tarehe za kila kimoja ukutani. Na Marekani ina huduma yake ya ushauri kwa wanafunzi, EducationUSA, ambayo haikutozi kwa kuuliza. Iko Kinshasa, mbali, na uwanja wetu wa ndege ulifungwa vita ilipoingia mwaka 2025, lakini barua pepe inafika.

Msiniambie "papa, ungechunguza kwanza." Nilichunguza. Niliuliza mara mbili, uso kwa uso, mtu mwenye kompyuta na bendera ukutani, akaniangalia machoni akanidanganya.

Binti amemwandikia mkuu wa ofisi ya msaada ya kile chuo kueleza yote, pamoja na vita na benki. Hawajajibu. Amekwisha kuanza kukusanya karatasi za mwaka ujao, kwa barua pepe mpya ambayo namba ya siri anaijua yeye peke yake.

Mimi ninachotaka ni viwili. Pesa yangu yote, na kuonyeshwa kwenye kompyuta kama ile fomu yenye namba ya uongo ilitumwa au haikutumwa. Ikiwa ilitumwa, waandike na kusaini kwamba namba waliiweka wao, si mtoto. Kwenye benchi la pale nje nilikuta mama wawili na papa mmoja wenye risiti kama yangu, kwa hiyo najua siko peke yangu. Uliyelipa FAFSA ukiwa hapa Goma, chukua risiti yako. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa rond-point Chukudu, upande wa kivuli, nimevaa koti la kahawia. Tunaingia pamoja.