Tupeane uzoefu: kuunganisha Linux na simu kwa waya wa USB

Mwanzisha uzi, Nkuhungu

Wakuu, salaam. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta katika kuipa mtandao kwa waya wa simu kompyuta ya Linux, yaani inayotumia mfumo endeshi huo badala ya Windows. Wengi wetu hapa Dodoma mtandao wetu ni bando. Haspoti inakula chaji ya simu, waya unaichaji. Jambo hili lina msaada mkubwa na linazungumzwa kidogo mno.

Naanza na langu. Nilinunua kompyuta iliyotumika, nikaifuta, nikaweka Linux. Ilipowaka, Wi-Fi haipo. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya chipu yake haiji na kerneli (kiini cha Linux), inabidi uipakue, na kuipakua kunataka mtandao ambao hauna. Nikachomeka simu kwa waya nilioununua kwa machinga. Ikachaji vizuri, lakini kitufe cha kusambaza mtandao kwa USB kilibaki kimefifia, hakibonyezeki. Saa tatu nzima nilihangaika na mipangilio, nikarudia hata kuweka mfumo upya. Mwisho nikaandika `sudo dmesg -w`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli papo hapo, nikachomoa waya na kuuchomeka tena. Hakuna hata mstari mmoja uliotoka.

Kumbe zipo nyaya zenye nyuzi za umeme tu, za data hazimo. Nikaazima waya wa jirani na mistari ikamiminika, mmojawapo una neno `rndis_host`. Hiyo ndiyo draiva inayofanya simu ya Android ionekane kwa Linux kama kadi ya mtandao wa waya, na imo ndani ya kerneli tayari. Amri ya `ip a` ikanionyesha usb0, yaani kadi hiyo, yenye anwani inayoanza na 192.168.42, na lango (mlango wa kutokea mtandaoni) ni simu yenyewe, 192.168.42.129. Simu za sasa hutoa namba nyingine, na baadhi hutumia draiva ya `cdc_ncm`, kwa hiyo usiogope ukiona tofauti. Draiva ya Wi-Fi nikaipakua usiku uleule.

Nyongeza: simu ikiwa kwenye Wi-Fi, inaisambaza Wi-Fi hiyohiyo kwa waya, bando haliguswi. Karibuni.

Mwanachuo, Ng'ong'ona

Mkuu, langu ni la bando. Kwenye nyumba tuliyopanga tunachangia Wi-Fi. Asubuhi moja ilikata, nikawasha mtandao wa waya niendelee na kazi. Mchana Wi-Fi ikarudi, kompyuta ikaonyesha imeunganishwa, nikauacha waya pale kwa ajili ya chaji. Jioni nikapata ujumbe kwamba GB zangu zimekwisha. Zilikuwa za wiki nzima.

Amri ya `ip route`, inayoonyesha njia za data, ilinionyesha sababu. Kulikuwa na njia kuu mbili: ya usb0 ina `metric 100`, ya Wi-Fi ina `metric 600`. Linux hupita penye namba ndogo, na NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, huihesabu simu ya waya kama Ethernet (mtandao wa waya), ambayo kwa kawaida huipa kipaumbele mbele ya Wi-Fi. Alama ya Wi-Fi juu ya skrini haikwambii data inapita wapi. Masasisho yote ya mfumo yalikuwa yanashuka kwenye laini yangu.

Sasa nina muunganisho wangu maalumu, wenye namba kubwa kuliko ya Wi-Fi:

`nmcli connection add type ethernet con-name simu ifname usb0 ipv4.route-metric 700 ipv6.route-metric 700 connection.metered yes`

Namba ya IPv6 (aina mpya ya anwani za mtandao) msiiache, kwa sababu laini nyingine hutoa anwani za aina hiyo na data itapenya huko. Ile `metered yes` inaziambia programu kwamba mtandao huu ni wa kulipia. Wa Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) mwongeze `sudo snap set system refresh.metered=hold`, vinginevyo snap (vifurushi vya programu vya Ubuntu) zinajisasisha zenyewe. Na kama kadi yako inaitwa enx na herufi nyingi badala ya usb0, weka jina hilo. Kuna simu zinazobadilisha jina kila ukiwasha, hizo zinasumbua kwelikweli.

Fundi simu, Majengo

Kabla hujagusa amri yoyote angalia tundu la simu. Kiangazi hiki upepo umejaza vumbi kila mahali. Simu inachaji, ila `dmesg` inaandika `USB disconnect` kila baada ya sekunde chache. Zima simu, chokonoa taratibu kwa njiti ya mbao, usitumie sindano. Wateja wangu wengi shida yao inaishia hapo.

Mwalimu, Mpwapwa

Mimi natumia iPhone. Ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa, umeme umekatika tangu asubuhi, simu ina chaji asilimia tisa. Haspoti isingefika popote. Nikachomeka waya, kadi ikaonekana, lakini anwani haiji. Kilichokosekana ni kuaminiana: lazima `usbmuxd`, programu ya kuwasiliana na iPhone, iwepo, simu iwe imefunguliwa, na ukubali ile "Amini" inayotokea kwenye kioo. Isipotokea, andika `idevicepair pair`. Baada ya hapo nilipata 172.20.10.2 na majina yote ya watoto yakaingia. Draiva yenyewe, `ipheth`, imo kwenye kerneli tangu 2010, ila nilikuwa siijui.

Karani, Manyoni

Naomba kuuliza kinyume chake. Ofisini kompyuta ina mtandao wa waya, simu yangu haina bando. Naweza kuipa simu mtandao kutoka kwenye kompyuta?

Mwanzisha uzi, Nkuhungu

Inawezekana ndugu yangu. Tafuta programu ya `gnirehtet`, ni ya simu za Android. Kwenye simu washa utatuzi wa USB (USB debugging), kwenye kompyuta weka `adb`, programu ya kuongea na simu kwa waya, kisha `gnirehtet run`. Haihitaji root (mamlaka kamili juu ya simu), simu itakuomba ruhusa ya VPN, kubali. Inabeba TCP na UDP (aina za data za kurasa na programu) za IPv4 tu, kwa hiyo usiipime kwa ping (amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu), itakudanganya kwamba hakuna kitu. Fungua ukurasa.

Wa Ihumwa

Mimi simu yangu yenyewe ni Linux, aina ya simu iitwayo postmarketOS. Kioo kilipasuka, na njia pekee ya kuokoa picha za marehemu mama ilikuwa waya. Simu hizi hukaa kwenye 172.16.42.1, kompyuta inapata 172.16.42.2, unaingia kwa ssh (amri ya kuingia kwenye kifaa kingine kupitia mtandao). Picha zikatoka zote, namshukuru Mungu.

Kilichonitesa ni kuipa mtandao ili niweke programu. Niliwasha `net.ipv4.ip_forward=1` ili kompyuta ipitishe data, nikaweka MASQUERADE ili data ya simu itoke kwa anwani ya kompyuta, kwenye simu nikaelekeza njia kuu 172.16.42.2. Kimya. Siku ya pili ndipo nilipoangalia `sudo iptables -L FORWARD`, yaani ukuta wa kuchuja data: sera ni DROP (zuia), imewekwa na programu ya kontena niliyokuwa nimesahau kwamba ipo. Nilipoiruhusu usb0 kupita, ping ya 1.1.1.1 ikajibu lakini majina hayafunguki, maana `resolv.conf` ya simu, faili linalotaja seva ya kutafsiri majina ya tovuti, ilikuwa tupu. Nikaandika `nameserver 1.1.1.1`, ikakaa sawa. Fuateni mpangilio huo: waya, anwani, njia, ukuta, majina. Ukiruka hatua moja utatafuta kosa mahali lisipo.

Karani, Manyoni

Mwanzisha uzi, imekubali. Ping iligoma kama ulivyosema, ningekata tamaa hapo. Kivinjari kimefungua, na sasa hivi naandika kwa simu.